Siku moja Mji Mkongwe Zanzibar: panga saa za kula kwanza, majengo yafuate

Kazi yangu ni kutembeza wageni humu vichochoroni, na nnachokiona sana ni mtu kuja na listi ndefu ya majengo, anayafuata kwa ramani ya simu jua la saa saba, njaa ikimkamata anaingia mgahawa wa kwanza anaouona, anakula chipsi kuku alafu anaondoka anasema mji mzuri ila chakula cha kawaida tu. Sasa chakula cha huku kina saa zake jamani, urojo, ile rojo yetu ya ukali yenye bhajia na viazi ndani, hauutafuti saa mbili asubuhi, na Forodhani, bustani ya ufukweni wanapouza vyakula usiku, mchana hakuna kitu. Kwa hiyo fanya hivi.

Hatua ya 1: Jua mipaka, simu weka mfukoni

Mji Mkongwe umezungukwa na bahari pande zote isipokuwa mashariki, na huko mashariki kuna barabara kubwa ya Darajani, ambayo zamani palikuwa na mkono wa bahari ukafukiwa. Maana yake hata ukipotea vipi, ukishika njia moja ukaenda nayo tu utatokea baharini au barabarani, na mji wenyewe kuukata toka upande hadi upande ni kama dakika ishirini hivi. Ukikwama muulize mtu, lakini salamu kwanza. Mzee aliyekaa barazani mpe shikamoo au asalam aleikum yake, ndo uulize njia. Ukianza na "Forodhani wapi?" bila salamu utajibiwa ila umeanza vibaya.

Nguo: mabega na magoti yafunikwe, wake kwa waume. Huu ni mji wa watu wanaoishi, misikiti iko kila mahali.

Hatua ya 2: Asubuhi kunywa chai, alafu soko

Toka mapema, saa moja au saa mbili, kabla jua halijakaza. Tafuta mkahawa mdogo wenye wafanyakazi wa soko na wa bandari wamejaa, agiza chai ya tangawizi na vitumbua au chapati na maharage, au kama unakula kizito omba supu. Ukikuta mkate wa kumimina usiuache, ule wa mchele na nazi wenye harufu ya iliki.

Ukishiba ingia soko la Darajani, jengo lake la zamani ni la 1904. Viungo kama unanunua vinuse kwanza, karafuu nzuri ikibinywa kwa ukucha inatoa mafuta, mdalasini wa magome ni bora kuliko ulosagwa zamani ukakaa kwenye paketi.

Hatua ya 3: Mkunazini, na hapa usikimbie

Kutoka sokoni ni hatua chache tu mpaka kanisa la Anglikana la Mkunazini, limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa. Soko lilifungwa 1873 na ujenzi ukaanza mwaka huo huo, aliyesimamia ni Askofu Edward Steere, na yeye amezikwa humo humo. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Nawaomba kwa dhati, msipige selfi pale mkicheka. Chukua mtu wa kukueleza, kaa, soma, uliza. Mimi huwapa wageni wangu saa nzima hapa hata kama itabidi tuache jengo jingine, maana utajiri wa majumba yote utakayoyaona baadae umefungamana na biashara hiyo.

Hatua ya 4: Mchana ingia kivulini

Vichochoro vyembamba vina kivuli karibu siku nzima, kwa hiyo saa za jua kali pita Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo ukitazama milango. Mlango wenye upinde juu ni mtindo wa Kihindi, ulonyooka juu wenye maandishi ya Kiarabu ni wa Kiarabu. Hizi baraza za mawe mbele ya nyumba ni za kukaa na kupiga soga, na mvua ikinyesha kubwa watu hupita juu yake.

Chakula cha mchana ndo biriani au pilau, wahi kabla ya saa nane maana sehemu nzuri sufuria inakwisha. Ijumaa maduka mengi yanafunga wakati wa sala. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, subiri magharibi.

Hatua ya 5: Jioni, kahawa na urojo

Saa kumi na moja nenda Jaws Corner, kijiwe cha kahawa humu humu vichochoroni, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo na kashata pembeni, watu wanacheza bao na dhumna na siasa inachambuliwa hasa. Sikiliza tu.

Urojo kula saa hizi. Rojo yake nzuri ina ukali wa embe mbichi au ndimu, ndani bhajia, kachori, viazi, mishikaki, juu chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Ukiona rojo nzito kama uji, nenda kwa mwingine.

Hatua ya 6: Forodhani

Fika kabla jua halijazama, uone vijana wanavyojirusha baharini. Ngome Kongwe iko hapo hapo, na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ya Sultani Barghash ya 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na bado inaniuma kila nikipita.

Wauzaji wakishawasha taa usikae meza ya kwanza, zunguka zote. Samaki na pweza waliokwishachomwa wakapangwa wengi hupashwa moto tu, muombe akuchomee kibichi mbele yako na ukubaliane bei kabla hajaweka kwenye moto. Pizza ya Zanzibar agiza pale unapoona anatanua unga saa hiyo hiyo. Juisi ya miwa iwe na ndimu na tangawizi, ikamuliwe ukiona. Beba shilingi noti ndogo ndogo, chenji usiku inasumbua.