Ukienda kulala kwenye kijumba cha Wright pale Mirror Lake

Kwanza nikwambie nilivyoumbuka. Mimi ni mwashi, kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na dohani nilizojenga sizihesabu tena. Saa ya kwanza tu baada ya kufika nikawasha moto kwenye meko ya kijumba kile bila kufungua kilango cha dohani. Moshi ukajaa mpaka darini, king'ora kikaanza kulia, na mke wangu akatoka nje na blanketi mabegani. Akaniuliza taratibu: "Baba Salma, si ulisema hii ndiyo kazi yako?" Daftari la maelekezo lilikuwa mezani pale pale. Sikuwa nimelifungua. Kwa hiyo ukifika, kabla hujagusa kitu, kaa chini usome lile daftari lote. Zile ni dakika kumi tu.

Kijumba chenyewe kinaitwa Seth Peterson Cottage. Kiko ndani ya hifadhi ya Mirror Lake State Park, karibu na mji mdogo wa Lake Delton, jimbo la Wisconsin, Marekani. Kilichorwa mwaka 1958 na Frank Lloyd Wright, msanifu majengo mashuhuri wa Marekani, na Aprili 1959 Wright akafariki. Peterson, aliyeagiza nyumba hiyo, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mpenzi wa kazi za Wright tangu ujanani. Inasimuliwa kwamba mzee alimkatalia zaidi ya mara moja, mpaka kijana akatuma malipo ya awali bila kuombwa. Pesa zikatumika, na mzee akawa hana njia ila kuchora. Kijana naye akafariki 1960, nyumba haijakamilika. Mwaka 1966 jimbo likainunua pamoja na ardhi ya hifadhi, madirisha yakapigiliwa mbao, ikakaa zaidi ya miaka ishirini ikivuja na kuoza. Mwaka 1989 wakajitokeza watu wa kujitolea wakaanza kuifufua, na tangu 1992 inapokea wageni wa kulala.

Nakupa historia hii mapema kwa sababu ukiwa ndani utaihitaji. Nyumba nyingi za Wright unatembezwa nusu saa, unakatazwa kukaa kwenye kiti, unatolewa. Hii unapewa ufunguo.

Kupata nafasi ndiyo kazi kubwa. Wikiendi za kiangazi na za Oktoba, miti inapogeuka rangi, hujaa muda mrefu kabla. Sisi tulisubiri zaidi ya mwaka. Kama una haraka, omba siku za katikati ya wiki, au nenda Januari na Februari, theluji ikiwa imetanda na watu wachache wakitaka kutoka majumbani. Na panga siku mbili. Usijaribu kubembeleza moja. Siku ya kwanza yote utakuwa unashangaa na kupapasa kuta, ya pili ndiyo utaanza kuishi. Kama hujui utaipenda au la, kuna njia ya kuionja: Jumapili ya pili ya kila mwezi hufunguliwa kwa watazamaji, saa saba mchana mpaka saa kumi alasiri. Sisi tulianza hivyo. Mke wangu alikaa kwenye benchi la dirishani dakika tano akasema, "Lipa."

Idadi ya wageni uifikirie kwa ukweli. Nyumba ina futi za mraba 880, yaani kama mita za mraba 82 hivi. Nimejenga mabanda ya magari makubwa kuliko hiyo. Chumba cha kulala ni kimoja. Watu wawili wanaopendana wataenea vizuri, wanne waliozoeana wataenea kwa adabu. Ukipeleka mashemeji wasioelewana, mtajuta usiku wa kwanza, kwa kuwa hakuna pa kununia.

Mizigo: punguza. Vyombo vya jikoni na mashuka vipo, ila hakikisha kwenye maelezo wanayokutumia ukishalipa. Kilichobaki ni chakula, nguo za tabaka tabaka, tochi, soksi nene na viatu vya kutembelea porini. Televisheni usiitegemee. Gari liwe na kibandiko cha kuingilia hifadhi za jimbo la Wisconsin, kinauzwa pale hifadhini. Kukodi nyumba hakukuondolei hiyo.

Kuni zina sheria yake, na hapa wengi huteleza. Wisconsin haikuruhusu kuingiza kwenye hifadhi zake kuni zilizotoka mbali ya maili 10, kama kilomita 16, isipokuwa zile zilizoidhinishwa. Sababu ni wadudu wanaosafiri ndani ya magome, hasa yule mbawakawa mdogo wa kijani anayetoboa magome na kuua miti inayoitwa ash. Kwa hiyo zile kuni nzuri kavu ulizopasua kwako ziache kwako. Nunua jirani na hifadhi.

Fika mchana. Tafadhali fika mchana. Oktoba jua linazama kama saa kumi na mbili jioni, na mwenye kufika gizani amepoteza nusu ya alicholipia. Sisi tuliingia saa tisa na nusu. Unaacha barabara kuu ya I-90/94 yenye mabango ya mabwawa ya kuteleza ya Wisconsin Dells, unapinda mara mbili tatu, na ghafla ni misonobari mitupu. Kijumba kiko juu ya genge, ziwa liko chini yake, kwa hiyo usitarajie kutoka mlangoni ukatia mguu majini. Ziwa unaliona kupitia matawi. Nikuambie na hili lisikushtue: upepo ukielekea upande wako, mngurumo wa barabara kuu unausikia kwa mbali. Baada ya saa moja sikio langu lililiacha.

Ukifika usikimbilie kufungua mlango. Izunguke nyumba kwanza, polepole, halafu simama karibu na ukuta.

Mawe yale ni ya mchanga, rangi ya mkate uliokaushwa, mengine yakielekea wekundu. Yamelazwa bapa, marefu kwa membamba, kozi, yaani safu za mawe, hazilingani urefu. Kila baada ya hatua kadhaa jiwe moja limetoka nje ya uso wa ukuta, upana wa vidole viwili vitatu, na kivuli chake kinaangukia la chini yake. Mwanafunzi wangu akinijengea hivyo nyumba ya mteja ningemwambia abomoe. Lakini nilipoweka kiganja pale nikaona viungio: saruji imerudishwa ndani, imezama, isionekane ukiwa mbali, ukuta uonekane kama mawe yaliyojipanga yenyewe. Nikapima kwa jicho, maana timazi sikubeba, mke wangu alinikataza. Kona iko wima kabisa. Yaani ule ukuta unaojifanya umejengwa ovyo umejengwa na mtu aliyejua hasa anachofanya. Kesho yake tulipokuwa ziwani nikaelewa. Magenge yanayolizunguka Mirror Lake ni ya mawe ya mchanga, yamepasuka kwa ulalo, tabaka juu ya tabaka, mengine yametokeza nje mengine yameliwa. Ukuta wa nyumba ni genge lile lile limekatwa likapandishwa juu.

Sasa ingia, na ukiingia angalia dari. Mlangoni iko chini, mrefu anainama bila kujijua. Unapiga hatua chache na paa linanyanyuka kuelekea upande wa vioo, na kifua chako kinanyanyuka nalo. Wright alikuwa na mchezo huo karibu kila nyumba: anakubana kwanza, ndipo anakuachia. Toka, ingia tena. Mimi niliingia mara nne.

Halafu vua viatu. Sakafu ni ya mawe bapa, yale yale yanaendelea chini ya kioo mpaka barazani nje, macho yanashindwa kujua chumba kimeishia wapi. Wakati wa kuifufua nyumba walilaza mabomba ya maji moto chini yake. Nje ilikuwa baridi ya kuuma masikio, ndani nyayo zangu zikiwa juu ya jiwe lenye joto la chungu kilichoepuliwa kitambo. Ujue tu kwamba joto la namna hii halina haraka. Ukiona baridi ukapandisha kidhibiti mpaka mwisho, hutasikia kitu kwa muda, kisha usiku wa manane utaamka unatoka jasho. Pandisha kidogo, subiri, fanya jambo jingine.

Jiko limejibana nyuma ya meko, kwenye kiini cha mawe cha nyumba, na ni la mtu mmoja. Ukiingia wa pili mnapigana viwiko. Kata vitunguu na karoti nyumbani, tia nyama viungo nyumbani, upeleke vyakula vya kupasha au vya sufuria moja. Usikaange samaki, harufu haina pa kwenda.

Moto sasa, tuurudie. Fungua kilango cha dohani, hakikisha kwa tochi kuwa kiko wazi kweli. Dohani kubwa ya mawe iliyolala baridi ina hewa nzito ndani, ukiwasha moto mkubwa papo hapo moshi unarudi kwako hata kilango kikiwa wazi. Kunja gazeti, liwashe, lishike juu karibu na mdomo wa dohani mpaka uone moshi wake unavutwa juu. Hapo ndipo washa vijiti, kisha kuni, chache. Moto mdogo wa mfululizo unatosha kabisa chumba kile. Nilipofanya hivyo mara ya pili hakukuwa na hata chozi.

Giza likiingia vile vioo vikubwa vinageuka vioo vya kujitazamia. Unataka kuona ziwa, unajiona wewe umeshika kikombe. Watu wengine hapo huanza kuona haya, kama vile msitu mzima unawachungulia. Zima taa zote, acha moto peke yake. Macho yakishazoea, miti inarudi, halafu mwanga hafifu wa maji katikati ya vigogo. Tulikaa hivyo mpaka kuni zikawa makaa, na sikumbuki tulizungumza nini.

Alfajiri amka kabla ya jua. Kahawa, blanketi, barazani.

Ziwani shuka na mtumbwi wa kasia. Wageni wa kijumba huwekewa mmoja, vaa jaketi la kuelea hata kama unaogelea vizuri. Mirror Lake ni ziwa lililotokana na bwawa la kuzuia kijito cha Dell Creek, lina mikono myembamba kati ya magenge, na boti hazikubaliwi kwenda kasi ya kupiga mawimbi. Kwa hiyo hata anayejifunza kupiga kasia yuko salama, na asubuhi maji hayatikisiki kabisa. Kaa karibu na genge, mpige kasia pole pole, tazama tabaka za mawe. Ukirudi jikague kupe, hasa Mei mpaka Julai: nyuma ya magoti, kiunoni, nyuma ya masikio. Kupe wa kule hueneza ugonjwa wa Lyme, na kupe mchanga ni mdogo hata kuliko mbegu ya ufuta.

Kutunza nyumba ni mambo machache. Usiweke sufuria ya moto juu ya samani za mbao. Usiburuze viti juu ya mawe. Usibandike kitu ukutani. Majivu usiyazoe siku ya kuondoka kama hayajapoa; makaa hujificha ndani ya majivu siku nzima na zaidi. Kuna daftari la wageni, na usiku wa pili badala ya simu tulisoma hilo. Mke wangu aliandika ukurasa mzima kwa Kiswahili. Hakunionyesha, lakini neno "moshi" nililiona.

Kama siku ya kuondoka una nafasi, usipitilize Baraboo, ni mwendo mfupi tu kwa gari. Pale kuna International Crane Foundation, ambako korongo wa aina zote 15 za duniani wanafugwa na kutunzwa. Tulizunguka tukawakuta korongo taji, wale wa kwetu, wenye mabua ya dhahabu kichwani, wamesimama kwenye nyasi za Wisconsin. Mke wangu akawasogelea kwenye uzio akasema, "Hamjambo?" Mmoja akageuza shingo. Nenda kabla ya Novemba, majira ya baridi hufungwa.