Jinsi ya kujua kihenge chako kina gunia ngapi kabla mnunuzi hajakukadiria kwa macho

Mwangaluka wadau. Nilishaahidi somo hili siku nyingi, leo nimepata nafasi.

Baba mdogo wangu yupo Misungwi, kihenge chake (ghala la nafaka la nyumbani) ni cha fito kimesiribwa udongo, msimu mmoja alijaza mpunga akapata shida ya hela ya haraka, akaja mnunuzi akakizunguka kihenge mara mbili akapiga piga kwa kiganja akasema hapa kuna gunia kumi na nane tu mzee nakulipa sasa hivi. Baba mdogo akakubali. Wapakiaji walipomaliza zilikuwa gunia 25 na hela imeshalipwa, imeshatumika. Gunia saba zimeondoka hivi hivi watoto wanaangalia. Kuanzia hapo nikasema lazima kila mtu kwetu ajue kupima mwenyewe, na haihitaji shule kubwa, ni futi kamba ile ya fundi cherehani au ya fundi ujenzi, ndoo ya lita 20, mizani na kalkuleta ya kwenye simu.

Anza na nafaka yenyewe, kihenge baadaye. Hapa ndipo wengi wanakosea, wanachukua uzito wa mahindi wanauweka kwenye mpunga. Chota nafaka yako ndoo ya lita 20, usiitikise wala usiishindilie, pitisha fimbo iliyonyooka juu ya mdomo wa ndoo ile ya ziada idondoke, ibaki sawasawa na ukingo. Pima, toa uzito wa ndoo tupu. Ukipata kilo zidisha mara 50, hiyo ndiyo kilo kwa mita moja ya ujazo, maana mita moja ya ujazo ni lita 1000. Mahindi makavu yaliyopukuchuliwa yanacheza kwenye kilo 14 na kitu kwa ndoo, yaani kama 720 kwa mita ya ujazo, mtama nao uko hapo hapo. Dengu na maharage ni mazito zaidi, kama 770. Mpunga ni mwepesi kwa sababu ya maganda, kama 580. Ila hizo ni za kukuongoza tu, pima ya kwako, nafaka mbichi mbichi au yenye pumba nyingi inabadilika.

Halafu sasa kihenge. Kama ni cha duara zungusha futi kamba, na kama kina tumbo (vya kwetu vingi vina tumbo) pima mara tatu, chini, katikati na juu, jumlisha gawa kwa 3. Cha baba mdogo chini mita 5.4, tumboni 6.0, juu 5.4, wastani 5.6. Gawa kwa 3.14 unapata kipenyo mita 1.78. SASA TOA UNENE WA UKUTA, mara mbili, upande huu na upande ule. Udongo wake una sentimita 6, kwa hiyo toa sentimita 12, inabaki 1.66. Nusu yake ni 0.83. Zidisha 0.83 mara 0.83 mara 3.14 halafu mara kimo cha nafaka. Kimo cha nafaka siyo kimo cha kihenge! Chomeka fito ndefu kutoka juu mpaka ifike chini kabisa, weka alama pale nafaka inapoishia, itoe upime. Ilikuwa mita 1.6. Jibu ni kama mita za ujazo 3.46, mara 575 (ndoo yake ya mpunga ilitoka kilo 11.5) unapata karibu kilo 1990.

Ungesahau unene wa ukuta ungepata karibu kilo 2300. Yaani udongo peke yake unakudanganya kilo 300. Na hapo ukimwambia mnunuzi hesabu ya uongo atakuona hujui kitu, hata ile ya kweli hatakuamini tena.

Kugeuza kuwa gunia kuwa makini. Gunia lile linalobeba kilo 100 za mahindi ukilijaza mpunga linabeba kama 80 tu. Kwa hiyo 1990 gawa kwa 80 ndiyo gunia 25, zile zile zilizotoka. Mimi ushauri wangu uza kwa kilo, achana na habari ya gunia, gunia ndiyo mlango wa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi likahesabiwa moja.

Cha mraba au mstatili ni rahisi, urefu mara upana mara kimo cha nafaka, vyote vya ndani, basi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Sengerema: Mkuu cha kwangu ni cha bati, juu kina paa lililochongoka kama pia na chini kuna faneli ya kutolea. Napimaje?

Jibu: Gawanya vipande vitatu kaka. Katikati piga kama nilivyoeleza, bati ni jembamba huna haja ya kutoa ukuta. Faneli ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14 mara kimo cha faneli, halafu gawa kwa 3. Juu nako hivyo hivyo, ila usihesabu paa lote, hesabu kilima cha nafaka tu kama kipo, maana nafaka haipandi mpaka kwenye ncha isipokuwa umeijaza kutokea pale pale.

Mama wa Ukerewe: Mimi sina kihenge mwanangu, nina pipa la lita 200. Linachukua mahindi kilo ngapi?

Jibu: Shikamoo mama. Ni ndoo 10 za kusawazishwa, kama kilo 144, gunia moja na nusu kasoro kidogo. Hakikisha pipa halijawahi kubeba dawa wala mafuta ya mitambo, na mahindi yawe makavu kweli. Chukua chupa kavu ya glasi, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa rudisha mahindi juani.

Mdau wa Magu: Na mahindi ambayo bado yapo kwenye magunzi?

Jibu: Chukua nusu tu ya hesabu. Kihenge cha tani moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa, ukiweka ya kwenye magunzi yaliyomenywa utakuja kupata kama nusu tani ya punje. Yakiwa na maganda yake ni chini ya hapo.

Mdau wa Magu: Nategemea gunia 15 za mahindi, nijenge cha ukubwa gani?

Jibu: Kilo 1500 gawa kwa 720 ni mita za ujazo 2.1. Cha ndani mita 1.2 kwa 1.2 kimo 1.5 kinatosha kwa kubana sana, mimi ningepandisha kimo mpaka 1.8 ili mkono upate nafasi ya kuingia kukagua wadudu. Dumuzi hasubiri.

Mdau wa Nyamagana: Sokoni tunaambiwa gunia la mahindi ni debe 6, wewe kwa ndoo zako za kilo 14 na kitu gunia la kilo 100 linatoka ndoo 7. Nani yuko sahihi?

Jibu: Wote. Debe la sokoni lina kilima juu, yangu imepitishwa fimbo. Na tena angalia, ndoo nyingi za rangi zilizoandikwa lita 20 ukijaza mpaka ukingoni zinazidi. Jaza maji mpaka ukingoni upime, toa uzito wa ndoo, kila kilo moja ya maji ni lita moja. Ikija kilo 21.5 basi ndoo yako ni lita 21.5, chukua kilo za nafaka gawa kwa 21.5 zidisha kwa 1000. Ifute ikauke kabisa kabla hujachota nafaka.