Vile unaeza amsha Pentium ya 1997 na kerneli umejenga mwenyewe

Hii mashine niliitoa soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili moja kwa shilingi 800. Pentium MMX ya 200 MHz, RAM 64MB, kesi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mzee aliyekuwa anaiuza alikuwa ashashika bisibisi tayari kuifungua atoe shaba. Nikamwambia mzee wangu hebu niuzie hivyo ilivyo, usiiguse. Nikaibeba na boda mpaka Kondele nimeikumbatia kama mtoto.

Linux ya sai haitaki kusikia habari ya mashine kama hii. Kerneli ya Linux (kerneli ndo programu ya ndani inayosimamia mashine yote) iliacha 386, prosesa ya zamani zaidi, kwa toleo la 3.8 mwaka 2013, na Debian tangu toleo la 9 la 2017 inataka prosesa za kizazi cha i686 kwenda juu, Pentium MMX ni i586, kizazi cha nyuma. Kwa hivyo mimi nikachukua xv6. Kama hujaiskia, ni kerneli ndogo ilianzia MIT 2006 ya kufunza wanafunzi, wameandika upya muundo wa Unix Version 6 ya 1975, ile ya kompyuta ya PDP-11, kwa C inayosomeka. Wao washahamia prosesa za RISC-V na toleo la x86 (prosesa za aina ya Intel) haliguswi tena, lakini msimbo bado uko na ni mdogo, unaeza kuusoma wote mpaka mwisho ukaelewa kila faili inafanya nini.

Sasa shida iko hapa, na ndo maana naandika. Watu wengi huendesha xv6 ndani ya QEMU tu, programu ya kuigiza kompyuta, so kuna vitu msimbo umeviamini bila kuuliza: kwamba kuna APIC (chipu mpya ya kupanga intarapti, zile ishara vifaa hutuma kwa prosesa), kwamba RAM inafika 224MB, kwamba kuna diski mbili, na kompaila nayo inaamini prosesa inajua amri zote za i686. Mashine ya zamani haina hizo vitu. Kuhamisha kerneli ni kuwinda hizo imani moja baada ya nyingine, na kila moja ina dalili yake kwa skrini, ukizijua hutateseka vile mimi niliteseka wiki mbili usiku.

Anza na laptopu yako ya kawaida, Ubuntu ama Debian:

sudo apt install build-essential gcc-multilib qemu-system-x86 git
git clone https://github.com/mit-pdos/xv6-public

GCC, yaani kompaila, ikiwa mpya italalamika. Itakataa runcmd ndani ya sh.c ikisema inajiita bila mwisho, weka `__attribute__((noreturn))` mbele yake. Maonyo mengine yanakuwa makosa juu ya -Werror, itoe tu kwa Makefile. Halafu butloda, ule msimbo mdogo wa kuanzisha kerneli, inaeza kataa kwa sababu imezidi baiti 510 (sekta ni 512 na mbili za mwisho lazima ziwe 0x55 na 0xAA), hapo kwa laini inayojenga bootmain.c badilisha -O iwe -Os na itatoshea.

Kisha ongeza hii chini ya CFLAGS, na tafadhali usiiruke:

CFLAGS += -march=i586 -fcf-protection=none -fno-stack-protector

Bila -march, GCC ya Ubuntu ukiiambia -m32 inatengeneza msimbo wa i686 na ndani yake inamwaga amri inaitwa CMOV, ambayo ilikuja na Pentium Pro 1995. Usidanganywe na miaka, Pentium MMX ni ya 1997 lakini haina CMOV, AMD K6 pia haina. Na hiyo -fcf-protection Ubuntu huiwasha yenyewe, inaweka endbr32 mwanzo wa fanksheni karibu zote, prosesa mpya inairuka tu kama si kitu lakini Pentium inaona amri haiijui na inakufa hapo hapo. Ukitaka kuhakikisha hakuna imebaki, fanya `make` kisha:

objdump -d kernel | grep -E 'cmov|endbr'

Ikirudi bila kitu uko sawa.

Kabla hujagusa mashine yenyewe jenga ile picha ya kumbukumbu, `make xv6memfs.img`. Hii inaweka mfumo wa faili ndani ya kerneli, so huhitaji diski ya pili na huna haja ya intarapti za diski kwanza. Watu wengi hawaijui na iko tu hapo kwa Makefile. Kuijaribu:

qemu-system-i386 -cpu pentium -m 64 -no-reboot -d int -D logi.txt -serial mon:stdio -drive file=xv6memfs.img,format=raw,index=0

Hiyo -cpu pentium ndo muhimu, inakataa CMOV kama vile chuma yenyewe ingekataa. Na -no-reboot inafanya ikianguka isimame, isijiwashe tena ukakosa kuona kitu.

Imani ya kwanza kukatika ni RAM. Fungua memlayout.h, utapata PHYSTOP ni 0xE000000, hiyo ni 224MB. Kerneli inachukua kurasa zote mpaka hapo na kuzipanga kwa orodha ya kurasa huru, inaanza chini ikipanda, na kila ukurasa mpya unawekwa mbele ya orodha. Maana yake ukurasa wa kwanza kabisa kutolewa ni ule wa juu zaidi, ule ambao kwa mashine ya 64MB haupo! Dalili yake: kerneli inaanguka mapema, kabla hata hujaona `cpu0: starting 0`. Mimi niliweka 0x3000000, yaani 48MB, nikaacha nafasi juu. Kuuliza BIOS (ile programu ya ndani ya bodi) ni vizuri zaidi lakini kwa kuanza nambari ya mkono inatosha.

Ya pili ndo kazi yenyewe. Ukiwasha kwa chuma utapata hii, na nilifurahi kuiona kwa sababu ilimaanisha butloda imefanya kazi:

lapicid 0: panic: Expect to run on an SMP

xv6 inatafuta jedwali la prosesa nyingi ambalo BIOS huandika kwa kumbukumbu, na bodi ya prosesa moja ya wakati huo haikuwa nalo. Matoleo ya zamani ya xv6 yalikuwa na njia ya pembeni, waliitoa. Tunairudisha. Ndani ya mp.c pale penye panic weka ncpu iwe 1 na urudi. Fanya ismp, ile variabo inayosema kama jedwali limepatikana, iwe ya faili zote, na kwa ioapic.c ukikuta ismp ni sifuri, toka. Mambo ya lapic yanajiangalia yenyewe, hayo usiguse.

Sasa unahitaji 8259, ile PIC ya zamani (chipu ya kupanga intarapti kabla ya APIC), ziko mbili zimeunganishwa. Kwa picirq.c:

outb(0x20, 0x11); outb(0x21, 32); outb(0x21, 4); outb(0x21, 1);
outb(0xA0, 0x11); outb(0xA1, 40); outb(0xA1, 2); outb(0xA1, 1);
outb(0x21, 0xFB); outb(0xA1, 0xFF);

32 ni kwa sababu BIOS huacha saa ikigonga kwa vekta (namba ya intarapti) ya 8, na ukishaingia hali ya biti 32 hiyo 8 ni ya kosa maradufu, so lazima uisogeze. 4 na 2 zinaambia hizo PIC mbili vile zimeshikana kupitia laini ya 2. Laini ya mwisho inafunga zote isipokuwa hiyo ya kuunganisha, halafu andika fanksheni ndogo, mimi niliiita picenable, ya kufungua moja moja na uiite kila mahali wameita ioapicenable: kibodi ni 1, siriali 4, diski 14.

Saa ni ile chipu ya 8253, inapiga mara 1193182 kwa sekunde. Tunataka mara 100, gawanya unapata 11932:

outb(0x43, 0x34);
outb(0x40, 11932 % 256);
outb(0x40, 11932 / 256);

Ita hiyo baada ya tvinit na ufungue laini 0. Kujaribu yote hii kwa QEMU, fanya mpconfig irudishe sifuri kwa lazima, QEMU nayo iko na 8259.

Kwa chuma: kwanza nunua betri ya CR2032, hizi bodi karibu zote betri imekufa na BIOS inasahau diski kila ukizima. Diski ya kuwasha lazima iwe IDE, kebo ya kwanza, jampa kwa masta, kwa sababu butloda inaongea na poti 0x1F0 moja kwa moja, flash ya USB haitaiona kabisa. Chomeka diski kwa laptopu na adapta ya USB, angalia `lsblk` mara mbili, halafu andika picha kwa diski na dd. Nimesema mara mbili kwa sababu dd haiulizi.

Tengeneza pia kebo ya siriali, ni waya tatu tu, DB9 mbili, pini 2 iende 3, 3 iende 2, na 5 kwa 5. Upande wa laptopu tumia adapta ya RS-232 kamili, si zile ndogo za TTL za Arduino, voltiji ya poti ya zamani inaeza kuzichoma. Kisha `screen /dev/ttyUSB0 9600` na maneno ya kerneli yanaingia kwa laptopu, unaeza kuyahifadhi badala ya kupiga skrini picha na simu.

Memfs ikifika kwa `$` ndo uende diski ya kweli: xv6.img kwa masta, fs.img kwa diski ya pili kwa kebo hiyo hiyo, jampa slevu. Hapa ndo nilikaa siku tatu. Kerneli ilikuwa inaandika

sb: size 1000 nblocks 941 ninodes 200 nlog 30 logstart 2 inodestart 32 bmap start 58

na inasimama. Haifi, haisemi panic, inasimama tu. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha diski, nikafikiria labda usambazaji wa umeme umechoka. Kisha nikakaa chini nikasoma kwa utaratibu: ili iandike hiyo laini imesoma bloku 1, so intarapti ya kwanza ya diski ilifika. Inayofuata ni kichwa cha logi (mahali xv6 huandika mabadiliko kwanza kabla ya kuyaweka mahali pake), bloku 2, na hiyo ndo haikurudi. Moja inafika, ya pili haifiki. Hapo nikajua. Diski ni laini 14, iko kwa PIC ya pili, na mimi nilikuwa naambia PIC ya kwanza peke yake kwamba nimemaliza. Ile ya pili ilikuwa bado inangoja. Kwa trap.c, kila intarapti ikiisha (irq ni namba ya laini):

if(irq >= 8) outb(0xA0, 0x20);
outb(0x20, 0x20);

Laini mbili. Nikawasha, diski ikakwaruza kidogo, `init: starting sh`, na dola ikakaa pale. Ilikuwa saa nane usiku na nilisimama nikazunguka nyumba.

Endesha usertests na uiache, kwa 200 MHz itachukua muda wake na diski italia sana.

xv6 haina amri ya kuzima, unabonyeza tu swichi. Nilikuwa naogopa hiyo mpaka siku stima ilipotea Kondele nzima nikiwa ndo nimemaliza `echo habari > f`. Iliporudi nikawasha, initlog ikapitia logi yake kabla ya kitu kingine chochote, nikaandika `cat f`, na habari ikatokea.