Shofo haitoe maji ya moto? Anzia kwa maji kwanza, rezistansi baadaye

Hapa Goma shofo (tanki ya umeme ya kupasha maji) ikigoma tu tunaita fundi, fundi anafika, anapiga tesita, anasema "rezistansi imekufa papa" (ile chuma ya ndani yenye kupasha maji), unalipa, miezi michache imepita imekufa tena. Mimi nilinunua rezistansi mbili ndani ya mwaka mmoja, ya pili niliifata mimi mwenyewe mtaa wa Birere, ndipo nikaanza kujiuliza hii kitu ni nini inaiuaka. Kumbe ilikuwa inapikwa bila maji.

Nieleze kidogo. Shofo ya ukutani (ile ya lita 50, 80 ama 100) inapokea maji baridi chini, maji ya moto inatokea juu. Ule mfereji wa moto unaanzia juu kabisa ndani ya tanki, kwa hiyo maji ya bomba ikikatika hata ufungue robine (koki) ya moto kutwa nzima tanki inabakia imejaa. Shida iko chini, upande wa baridi: kama kale ka klape kenye kanazuia maji isirudi hakapo ao kameharibika, maji inarudi polepole kwenye tiyo (mfereji wa baridi), mtu akifungua robine ya uani kule chini inavuta yote. Juu hapa dizhonkteri (kikata-umeme) iko imewashwa, rezistansi inawaka ndani ya hewa, dakika chache tu imekwisha. Kwangu fundi wa kwanza alifunga shofo bila grupe ya sekirite, yenye kubeba kale ka klape, alisema "si lazima". Basi.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, uiandike kwa kalamu nene uibandike karibu ya dizhonkteri: maji ikikatika, zima shofo. Maji ikirudi, fungua robine ya moto, ngoja mpaka inatoka vizuri bila kutema-tema hewa, ndipo unawasha. Watoto na dada wa kazi nao wajue, si wewe peke yako.

Hiyo grupe ya sekirite ndiyo kale ka mashine kenye kishikio chekundu ao cheusi, kanakaa kwenye maji baridi chini ya tanki. Inafungukaka presha ikifika bar 7. Kama inadondoka matone wakati shofo inapasha, usiogope na usiizibe! Maji ikipata moto inapanuka, lita 80 kutoka baridi mpaka digrii 60 inatosha kutoa zaidi ya lita moja, lazima ipite fasi. Mtu anayeziba pale na kipande cha mpira anatengeneza bomu ndani ya bafu. Kama inadondoka usiku na mchana hata shofo imezimwa, hapo ndiyo imechafuka ao presha ya bomba iko juu sana. Uizungushe mara moja kwa mwezi, ile chokaa isiigandishe.

Sasa kuhusu chokaa. Maji yetu mingi inatoka ziwa Kivu, na hiyo ziwa iko na chumvi za volkano na magnesi (magnesiamu) kibao, angalia tu chini ya sufuria yako ya chai. Ndani ya shofo ni vilevile: rezistansi inavaa koti jeupe, moto haufikie maji, rezistansi inajichoma yenyewe. Dalili yake ni makelele, shofo inaunguruma kama maharagi kwenye jiko, na maji inachelewa kupata moto. Hapo unaimwaga. Zima dizhonkteri (si swichi tu), funga vane (koki ya kufungia) ya baridi, fungua robine ya moto ili hewa iingie, kisha mwaga kwa grupe. Ngoja ipoe mbele, maji ya 60 inachubua ngozi. Ukitoa rezistansi, iloweke ndani ya siki nyeupe usiku mzima, usikwangue tanki na kisu, ukikwangua rangi ya ndani kutu inaanzia pale.

Ukiwa umefungua, angalia na anode, kale ka fimbo ka magnesi. Kazi yake ni kuliwa badala ya tanki. Ikibakia waya tu, badilisha. Kama unajazaka siterni (tanki ya akiba) na maji ya mvua, angalia mapema zaidi, kwa sababu ya moshi wa volkano Nyiragongo mvua yetu iko na asidi, batu wa Rusayo na Sake wanajua mabati yao inavyokulwa.

Maji iko sawa lakini iko baridi? Angalia kuran (umeme). Shofo ya wati 1500 inapasha lita 80 kutoka 20 mpaka 60 ndani ya masaa mbili na nusu hivi. Lakini jioni kuran ikishuka mpaka volti 170, nguvu inabakia kama wati 900, basi ni masaa manne na zaidi. Hapo shofo haina kosa lolote! Washa usiku wa manane ao alfajiri.

Kama kuran iko na bado baridi, fungua kifuniko (dizhonkteri imezimwa, nasema tena), utaona kibutoni kidogo kwenye termosta (kale kenye kupima joto), ikipata moto kupita inajikata yenyewe. Ibonyeze. Ikikata tena kesho yake, termosta imekufa ao chokaa imejaa. Rezistansi unaipima na multimetre: ya wati 1500 lazima isome karibu omu 32. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma kati ya mguu wake na chuma ya tanki, inavuja kuran, usiwashe hata dakika moja.

Na hapo ndipo naogopa zaidi. Kupiga fimbo ya tere (ya kupeleka kuran ardhini) kwenye lava ya Goma ni kazi ya jasho, kwa hiyo mafundi wengi wanaachaka ile waya ya kijani na njano inaning'inia tu. Ukiwa unaoga na unasikia kama mchwa anakuuma kwenye robine, toka, zima, usioge tena mpaka tere na dizhonkteri ya diferansieli ya miliampe 30 (yenye kukata kuran ikivuja) ifungwe. Hii usifanye mwenyewe, lipa fundi wa kuran, na usimame pale umwone akiifunga.

Termosta iache kwa 60. Chini ya 50 vidudu vinazaana ndani ya tanki, juu sana unakula kashi pawa yako (umeme wa kulipia mbele) bure na chokaa inaongezeka.