Leo tena sambaza?

Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, kwenye soko la Kituku, hapa Goma, na kila asubuhi kabla mteja hajauliza bei huniuliza hili: "Mama, juzi tulikula hizi, jana hizi, leo nizipikeje watoto wasinune?" Ananitazama kana kwamba nimeficha samaki wengine chini ya meza. Sina. Nina sambaza mbichi na sambaza kavu, na nyumbani kwangu kuna vinywa saba na mbabula moja, lile jiko la makala (makaa). Basi niwaambie ninavyofanya kwangu.

Ninachotegemea zaidi ni unga wa sambaza kavu. Chukua kopo moja, uzipepete vizuri, maana zikianikwa chini huokota mchanga, na mchanga hauivi. Mwanzoni nilipuuza hilo. Mume wangu akatafuna maharagwe kimya, akatema kijiwe kiganjani, akaniuliza kama siku hizi tunapika na Nyiragongo, ile volkano yetu. Kwa hiyo zioshe haraka kwa maji baridi, uzianike tena mpaka zikauke kabisa. Halafu weka kikaango bila tone la mafuta juu ya makala yaliyotulia, uzikoroge bila kuziacha. Ukiibana moja kati ya vidole ikavunjika kwa mlio, zimekuwa tayari. Zikiwa nyeusi umechelewa. Unga utakuwa mchungu na hakuna kitakachouokoa. Ziache zipoe ndipo utwange, kwa sababu zikiwa moto hutoa mvuke na unga hugandana. Mimi hutengeneza wa wiki mbili tu, nauweka kwenye kopo lenye mfuniko, maana mafuta ya samaki huchacha. Pilipili natwanga kando. Nina mtoto wa miaka minne.

Kijiko kimoja cha unga huo kwenye sufuria ya maharagwe, dakika kumi kabla ya kuepua, kinatosha jirani kuuliza unapika nyama gani. Onja kabla hujaongeza chumvi. Zile kube za supu sijaziacha kabisa, lakini siku hizi nazinunua kwa nadra.

Na maharagwe yenyewe yana siri zake hapa kwetu. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, ndiyo maana maharagwe huchelewa kuiva. Dada yangu anayeishi Uvira, kule chini kando ya ziwa Tanganyika, hunicheka ninavyomaliza makala. (Hunicheka pia kuhusu sambaza, kwamba nauza samaki wao. Hapo ana haki: zililetwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959.) Loweka maharagwe usiku kucha, umwage yale maji, uanze na mengine. Tomati usitie mpaka maharagwe yamelainika kabisa, kwa sababu uchachu wake huyafanya yakatae kuiva. Wengi hulaumu makala, kumbe ni tomati zilizotangulia.

Maharagwe hayo hayo napika mengi siku moja, nayatumia siku mbili kwa sura mbili. Siku ya kwanza yana mchuzi, mawese na ule unga. Kesho yake nachuja yaliyobaki, nakaanga kitunguu kingi mpaka kiwe kahawia kabisa, hapo usiwe na haraka, kisha namimina maharagwe, nayaponda nusu kwa mwiko na kuyaacha yashike chini kidogo. Nikishaepua nakamulia ndimu. Ukionja chakula ukaona kimelala, usikimbilie chumvi. Mara nyingi kinataka ndimu, na ndimu hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshashuka motoni.

Kuhusu mawese, kuna watu huyaunguza mpaka wekundu unatoweka na nyumba nzima inakohoa. Wekundu ule ndio karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, nawe umeilipia. Yapashe moto mpaka yanukie, basi. Kwenye sombe, ambayo Watanzania huiita kisamvu, nayatia mwishoni kabisa. Ila sombe isifupishwe: majani ya muhogo yana sumu, na ni kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika ndiko kunakoiondoa. Lengalenga, yaani mchicha, ni kinyume chake. Dakika tano ndani ya maji yake yenyewe yaliyobaki baada ya kuosha, zaidi ya hapo unapika karatasi.

Sambaza mbichi kila mtu anakaanga, nami nakaanga, lakini zikaushe kwanza kwa kitambaa, uzipitishe kwenye unga wa mahindi wenye chumvi, na utie chache chache mafuta yakiwa moto kweli. Ukijaza kikaango zinachemka badala ya kukaangika. Ukizichoka hivyo, changanya mbichi na kitunguu, tomati, seleri na mawese kidogo, uzifunge kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni ili lisipasuke, uzilaze juu ya makala ya chini kwa dakika ishirini, ukigeuza mara moja. Jani linaungua nje, ndani kunabaki mchuzi wenye harufu yake. Mwanangu mkubwa huficha jani lake asile mwenzake.

Halafu kuna siku za mbalamwezi. Wavuvi huvuta sambaza usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka sana taa hazivuti kitu; boti hurudi nusu tupu, bei inapanda, hata mimi mwenyewe sinunui. Hapo natoa karanga. Zikaange, uzitwange mpaka zianze kutoa mafuta, kisha uzilegeze kwanza kwa maji ya moto kwenye bakuli ndipo uzimimine juu ya lengalenga au viazi. Ukitupa karanga kavu moja kwa moja kwenye sufuria zitafanya mabonge. Moto uwe mdogo na mwiko usitoke mkononi, kwa sababu karanga hushika chini ukigeuka tu kumjibu mtu mlangoni. Nikipata kipande cha fromaji (jibini) ya Masisi, viazi havihitaji hata karanga: nakikwangua juu yake vikiwa bado vinafuka moshi.

Bugali (ugali) iliyobaki usimpe kuku. Asubuhi ikate vipande, uichome juu ya mbabula mpaka ifanye ngozi, uinyunyizie ule unga wa sambaza na pilipili. Mume wangu sasa hubakiza makusudi.