Mtoto mchanga amelala fofofo: umwamshe anyonye au umwache?

Dada zangu mlio ndani ya arobaini, somo hili ni lenu. Ni la yule aliyekaa macho saa nane za usiku, feni inazunguka, mtoto hajanyonya tangu saa tatu, naye anajiuliza amguse au amwache.

Mwamshe. Mwamshe mpaka arudishe uzito aliozaliwa nao. Akisharudisha, akiwa mzima na anaongezeka, muache alale na wewe ulale.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwezi wa pili, joto la Kaskazi limekaza. Alikuwa mtulivu mno, kila jirani pale Majengo akimsifu. Usiku alilala masaa sita mfululizo nami nikashukuru. Siku ya nne macho yamekuwa manjano, mdomo umekauka, nikimpa ziwa anafyonza mara mbili tatu halafu analegea. Alilazwa, akawekwa chini ya taa za buluu. Hapo muuguzi mmoja akanieleza jambo ambalo ningependa kulijua mapema: mtoto mchanga mwenye njaa halii kila mara. Akikosa maziwa hulegea, akilegea hulala, na akilala hukosa maziwa tena. Manjano nayo humzidishia usingizi, ilhali njia yake kubwa ya kutoka mwilini ni choo, na bila maziwa choo hakiendi.

Hatua ya kwanza: hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, mchana na usiku. Hesabu tangu alipoanza kunyonya, si alipomaliza. Mchana yasipite masaa matatu, usiku yasizidi manne.

Hatua ya pili: chagua usingizi mwepesi. Mtazame. Macho yakicheza chini ya kope, midomo ikitafuna hewa, vidole vikijikunja, huyo ataamka kwa urahisi. Yule anayetabasamu usingizini, ambaye bibi zetu husema anachekeshwa na malaika, pia yuko kwenye usingizi mwepesi. Lakini ukiinua mkono wake ukaanguka tepetepe, amezama. Subiri dakika kumi, ujaribu tena.

Hatua ya tatu: mfungue leso. Tunawafunga watoto sana, hata siku za jua kali, na joto huzidisha usingizi. Mvue abaki na nepi, mlaze kifuani pako, ngozi kwa ngozi. Wengi huanza kutafuta ziwa wenyewe hapo hapo.

Hatua ya nne: akigoma, mbadilishe nepi, msugue mgongo na nyayo taratibu, mpanguse uso kwa kitambaa kibichi cha maji ya kawaida, si ya friji. Usimtikise, usimfinye. Taa iwe hafifu, maana mwanga mkali humfanya afumbe macho.

Hatua ya tano: mnyonyeshe kweli kweli. Kamua tone moja kwenye mdomo wake, ngoja apanue kinywa vizuri. Akisinzia katikati, liminye ziwa polepole maziwa yashuke. Akiacha kabisa, mcheulishe, kisha mhamishie upande wa pili. Sikiliza anavyomeza. Kushika chuchu tu mdomoni si kunyonya.

Usimnyonyeshe usiku kwenye kochi ukiwa umechoka. Usingizi hukuchukua bila habari, na mtoto anaweza kubanwa akakosa pumzi. Akimaliza, mlaze chali, chandarua kishushwe.

Utajuaje anashiba? Kuanzia siku ya tano, nepi za mkojo ziwe sita au zaidi kwa siku, na choo kile cheusi kiwe kimegeuka manjano. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida: aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kushuka hadi 2.8. Asishuke zaidi ya sehemu moja ya kumi, na kufikia wiki mbili awe amerudi pale pale. Kliniki wakimpima, hakikisha wameandika kwenye kijitabu chake.

Maswali yenu

*Mama wa Likoni: Mama mkwe anasema mtoto anayelala ameshiba, na kumwamsha ni kumtesa. Nimjibuje?*
Usimjibu kwa ubishi, dadangu. Mchukue mfuatane kliniki, asikie uzito kwa masikio yake. Kisha mpe kazi: yeye ndiye akuletee mtoto kila ifikapo saa nane. Bibi aliyepewa nafasi huwa msaada mkubwa.

*Mama wa Kisauni: Wangu alizaliwa wiki ya 35, kilo 2.1. Na yeye masaa manne?*
Hapana, huyo ni kila masaa mawili hadi matatu, usiku na mchana, na ufuate walivyokuelekeza hospitali. Aliyezaliwa kabla ya siku zake mara nyingi hana nguvu ya kuomba. Akishindwa kufyonza, kamua umpe kwa kikombe kidogo, lakini kwanza muuguzi akuonyeshe namna.

*Mama wa Changamwe: Joto limezidi. Akilala sana nimpe maji ya glukosi achangamke?*
Usimpe. Maji humjaza tumbo dogo lile bila kumlisha, halafu ziwa halitaki. Maziwa yako yana maji yote anayohitaji hata Kaskazi, mpaka atimize miezi sita. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

*Mama wa Tudor: Nimejaribu yote leo, haamki.*
Mama, acha kusoma, nenda hospitali sasa hivi, usingoje alfajiri. Vivyo hivyo kwa mtoto anayekataa ziwa, mwenye homa au mwili wa baridi, anayehema mbio, aliyeingia degedege, au ambaye manjano yamefika viganja na nyayo.

*Mama wa Bombolulu: Ana wiki sita, ameongezeka vizuri, sasa analala masaa matano. Bado nimwamshe?*
Muache. Ziwa likijaa likauma, kamua kidogo tu upate nafuu, kisha ulale. Mchana atalipiza mwenyewe.