Somo: Kupaka anodi ya titani kwa oksidi ya rutheni, ya kuzalishia klorini kwenye maji ya chumvi

Titani tupu ukiifanya anodi (ncha chanya ya umeme) hujivika oksidi isiyopitisha umeme, mkondo unakatika. Henri Beer alilitatua hilo miaka ya 1960 kwa kuipaka oksidi ya rutheni iliyochanganywa na ya titani. Hapa tunapaka bamba la sm 5 kwa 5, pande zote mbili.

Kazi kubwa iko kwenye bamba lenyewe. Lisugue kwa msasa, lioshe kwa sabuni, kisha asetoni. Lichemshe saa 1 katika asidi oksaliki ya 10%, ulisuuze kwa maji yaliyokenekwa. Litoke kijivu kilichofifia kote. Pakibaki doa linalong'aa, mpako utabandukia hapo hapo; lirudishe kwenye asidi.

Mchanganyiko: isopropanoli kavu ml 10, asidi hidrokloriki kali matone 3, kloridi ya rutheni g 0.15 (yenye rutheni karibu 40%), mwisho butoksidi ya titani g 0.48. Hiyo ni moli 30 za rutheni kwa 70 za titani. Asidi itangulie, maana butoksidi ikikutana na unyevu bila asidi inaganda. Ukiona weupe kama maziwa, umeharibika, anza upya.

Piga mkono (tabaka moja la mpako) mwembamba kwa brashi, ml 0.25 tu kwa bamba zima. Kausha dakika 10 kwa 100 °C, ingiza tanuri la 450 °C dakika 10, acha lipoe. Rudia hadi mikono 10. Wa mwisho ukae tanurini saa 1. Utapata karibu mg 1 ya oksidi kwa kila sm². Tanuri liwe chini ya kifyonza hewa, linatoa mvuke wa asidi.

Swali: Mkuu, nikifuta kwa kitambaa cheupe kinatoka cheusi kama masizi.
Jibu: Mikono yako ni minene. Juu panakauka kwanza, chini panabaki majimaji, kikiungua kinapasuka na kuwa unga. Usifidie kwa kuongeza moto: ukipita sana 500 °C, titani ya chini inaoksidika na volti inapanda.

Swali: Naweza kuitumia kwenye asidi ya sulfuriki kutoa oksijeni?
Jibu: Haitadumu, rutheni inaliwa. Huko tumia oksidi ya iridi na tantali, 70 kwa 30.

Swali: Kathodi (ncha hasi) imeota ukoko mweupe. Nigeuze nyaya ujibandue?
Jibu: Usigeuze, ndugu! Mpako huu hauvumilii kuwa kathodi. Zima umeme, loweka kathodi kwenye siki.